Hodi ya Mwanga

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ataponaje iwapo hodi ya mgeni haimfikii? Swali hili lilinijia Kinoo, nyumbani kwa nyanya yangu, ambaye usikivu wake ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka.

Jumapili moja alikuwa akiwatarajia wanawake wenzake wa chama. Nilipofika jioni, chupa ya chai ilikuwa ingali imejaa. "Hawakuja," akaniambia. Kumbe walikuja! Waligonga lango la mabati, wakapiga hodi mara tatu kama ilivyo ada, kisha wakaondoka wakinong'ona kwamba mama huyu siku hizi anaringa.

Ndipo tulipomnunulia kengele ya mwanga. Utendakazi wake ni sahili: kitufe hutundikwa langoni, nacho kikibonyezwa hupeleka mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi kilichoko sebuleni, taa ikamemeteka. Vifaa vya aina hii ni vingi. Ipo saa ambayo humwamsha mtu kwa kutetemeka chini ya mto, na vipo ving'amuzi vya moshi vinavyotoa mwanga mkali pamoja na mlio. Sisi tulichagua kengele ya betri, kwa kuwa ile ya kuchomeka ukutani huzimika umeme unapopotea.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvishinda vikwazo vinavyomkabili. Hata hivyo, kifaa pekee hakitoshi. Wiki nzima taa ile haikuwaka, maana majirani waliendelea kugonga mabati na kuita. Hata mimi, niliyekitundika kitufe kwa mikono yangu, nilijikuta langoni nikiita "Shosho! Shosho!" hadi koo likanikauka.

Niliona haya. Sisi wanafunzi wa Kiswahili huisifu hodi kuwa kielelezo cha adabu, tukasahau kwamba adabu hiyo humdhania kila mwenyeji kuwa anasikia. Nikabandika karatasi juu ya kitufe: "Hodi ni hapa. Bonyeza, usubiri."

Jumapili iliyofuata, tukiwa sebuleni, taa ilimemeteka. Nyanya aliinuka kabla yangu, akajitengeneza leso, akaenda mlangoni akisema kwa sauti kuu: "Karibuni!"