Ngoma Yako Iko Berlin, Mjomba



Huku Berlin baridi imeanza, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Kazi ipo, uzima upo. Leo nina neno la muziki, maana ulilalamika kwenye simu kwamba singeli ya vijana wa Kibiti inawanyima wazee usingizi.

Juzi vijana wa Dar waliipiga hapa singeli hiyo hiyo. Ukumbi ulifurika Wajerumani, wakacheza mapigo yanayopita 200 kwa dakika huku jasho likiwatiririka. Kiswahili hawakijui. Mimi nilikuwa nasikiliza maneno: MC anawataja watu kwa majina, anamsifu huyu, anamchokoza yule, vilevile afanyavyo manju harusini Nyamisati. Wenyeji wanauita muziki wa kesho. Mimi niliwaambia una babu.

Singeli ilizaliwa uswahilini Dar, kwenye sherehe za vigodoro, ikitokana na mchiriku na ngoma za Wazaramo, jirani zetu. Mchiriku ulipigwa kwa kinanda kidogo cha Casio. Vijana wakachukua vipande vya taarabu, wakavikimbiza kwenye kompyuta, nyimbo zikasambaa kwa simu na flashi, mkono kwa mkono, bila kampuni kubwa nyuma yao. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyo wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Mwaka uliofuata ikatoa Poaa ya Bamba Pana. Ulaya ikageuza shingo. Lebo iko Kampala, studio iko Mburahati! Najivunia hilo, mjomba, kwa sababu hakuna aliyesubiri kwanza kupendwa London.

Kinachoniuma ni ngoma zetu za delta ya Rufiji. Wanaozijua wanazeeka, na za Mbwera sijapata kuzisikia zimerekodiwa ipasavyo.

Basi yule kijana jirani yako mwenye kompyuta usimfukuze. Mwite na wapigaji wenzako. Arekodi kila ngoma peke yake kwanza, kisha zote pamoja, aandike jina la mpigaji na la kijiji. Akitaka kuzitia kwenye singeli, mwacheni azitie, lakini kabla hajamkabidhi mtu yeyote, kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na majina yenu yawemo.

Pesa ya maikrofoni natuma mwisho wa mwezi. Nisalimie mkaza mjomba.