Moshi wa Kwanza

Mawe ya kujengea Lamu hutoka Manda. Nyumba za mji wa kale, ule ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zimesimama kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na hadi leo mwenye kujenga Shela au Lamu huagiza mawe Maweni, kisiwani Manda, ambako watu hukata mwamba kwa sululu na mtaimbo kutwa juani. Mawe hayo huvushwa kwa mashua. Mjomba wangu anayo moja, ya mbao, yenye injini ndogo ya dizeli ya silinda mbili iliyoundwa Japani na kupita mikononi mwa wenyewe kadhaa kabla ya kufika kwake.

Kwa muda mrefu injini hiyo ilikuwa ikitoa moshi wa buluu. Si ule wa kuonekana mara moja ikiwashwa kisha ukapotea. Ulikuwa moshi wa kutwa, unaoning'inia juu ya maji nyuma ya chombo na kunuka oili iliyoungua. Kila aliyeuona alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema tutie oili nzito zaidi. Mwingine alileta kopo la dawa ya kuzuia moshi kutoka Mombasa. Wa tatu alisema injini imekwisha, iuzwe kwa kilo kama chuma. Mjomba mwenyewe alishakata tamaa. "Imechakaa, mpwa wangu," aliniambia. "Hata sisi tutachakaa."

Oili nzito na dawa ya kopo hupunguza moshi kweli. Huziba mwanya kwa siku kadhaa, na siku hizo humtosha mtu kumuuzia mwenzake injini mbovu kwa bei ya injini nzima. Nimeona jambo hilo likifanyika, likasifiwa kuwa ni ujanja wa biashara. Kwangu mimi ni wizi.

Fundi tuliyemwita ni mzee wa Lamu aliyezifungua dizeli za vyombo tangu ujana wake. Alikuja asubuhi maji yakijaa, na mkoba wake wa spana. Nikamuuliza, "Ami, tuanze kufungua hedi?"

"Subiri, mwanangu. Tukishaifungua haisemi tena. Iache iseme kwanza."

Akaketi juu ya gunia akaanza kuuliza. Moshi ulianza lini? Huja injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Mashua ikiwa tupu au ikiwa na shehena? Kwa wiki mnaongeza oili kiasi gani? Nani alikuwa nahodha wakati huo? Swali hilo la mwisho lilinishangaza, maana halikuhusu chuma. Baadaye ndilo lililofungua kila kitu.

Ili maswali yake yaeleweke, ni vizuri kukumbuka dizeli inavyofanya kazi. Haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ibaki kama sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake, ikapata joto la kupita digrii 500, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Rudolf Diesel aliionyesha injini ya namna hiyo ikifanya kazi mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, nayo ilikuwa ndefu kumpita mtu. Mwaka 1933 Magokichi Yamaoka wa Japani akatoa dizeli ndogo ambayo hata mkulima angeweza kuitumia, na injini ndogo za aina hiyo zimeshusha matanga mengi katika mwambao wetu. Kubwa au ndogo, zote zinategemea jambo moja, kubana hewa. Hewa ikivuja, moto haupatikani.

Ndiyo maana rangi ya moshi ina maana. Moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha: filta imeziba, nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza, au chombo kimebebeshwa kupita nguvu zake. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyowaka kabisa, dalili kwamba silinda haibani vya kutosha au ni baridi mno. Ukiwa hauna harufu hiyo, huenda ni mvuke wa maji yanayopenya kwenye gasketi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, ama imepanda kupitia ringi za pistoni, ama imeshuka kupitia valvu. Katika hali ya joto kama yetu injini nzima haina sababu ya kusumbua kuwaka asubuhi. Ya mjomba ilisumbua, ikatoa kwanza moshi mweupe, kisha wa buluu.

Ikiwa inanguruma, fundi akachukua spana akalegeza kidogo nati ya bomba la mafuta linaloingia nozeli ya kwanza, kitambaa kikiwa juu yake na vidole vikiwa mbali, kwa sababu dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi. Injini ikayumba, ikataka kuzimika. Akaikaza. Akalegeza ya pili. Safari hii mlio haukubadilika. Silinda ya pili ilikuwa ikila mafuta na oili kila siku, na kazi yote ikifanywa na mwenzake.

Kisha akazima injini, akang'oa nozeli, akafunga geji ya kompresheni mahali pake. Silinda ya kwanza ilipita 400 kwa kipimo cha psi, ya pili haikufika 300. Akamimina kijiko kimoja cha oili ndani ya ile dhaifu, akapima tena. Kipimo kikapanda. Oili hiyo ilikuwa imeziba mwanya pembeni mwa pistoni kwa dakika chache, na kwa hivyo tatizo lilikuwa ringi. Kama kisingepanda, lawama ingekwenda kwa valvu au gasketi. Kijiko kimoja tu, alisisitiza, kwani nafasi juu ya pistoni ya dizeli ni ndogo mno, na oili ikizidi kipimo hupanda bure.

Alipokwenda kwenye njia ya hewa ndipo tulipoiona habari yenyewe. Nyumba ya filta ilikuwepo, imefungwa vizuri kwa nje. Ndani haikuwa na kitu. Fundi akapitisha kidole kwenye bomba la hewa kikatoka na uji wa kijivu, vumbi la matumbawe lililochanganyika na oili. Aliusugua kati ya kidole gumba na cha shahada, karibu na sikio langu, nikasikia unavyokwaruza.

Mjomba akakumbuka. Miaka ya nyuma, chini ya nahodha mwingine, mashua ilikuwa ikitoa moshi mweusi kila ikijazwa mawe. Nahodha yule aliitoa filta iliyoziba, na kwa kuwa mpya haikupatikana Lamu, akaendelea bila filta. Moshi mweusi ukaisha siku hiyohiyo. Akasifiwa. Tangu hapo injini ilivuta vumbi la shehena yake yenyewe, na vumbi la mawe likikutana na oili ndani ya silinda huwa dawa ya kusagia chuma. Moshi wa kwanza ulikuwa wa uchafu, jambo la kumalizwa kwa filta mpya na mawe pungufu. Ulipoondolewa bila kuulizwa chanzo chake, uchafu ukageuka uchakavu.

Sina neno baya kwa nahodha yule. Mawe yalikuwa yakisubiriwa, moshi ulikuwa aibu, na alichokifanya kilileta matokeo ambayo kila mtu aliyaona. Naona hapo ndipo penye hatari. Dawa mbaya isiyofanya kazi huachwa mapema. Ile inayoondoa dalili hushukuriwa, na hakuna anayerudi kutazama nyuma yake.

Yupo kijana mmoja katika ukoo wetu, mtoto wa binamu yangu, aliyekuwa akisinzia darasani. Shule ilimwita mama yake, wakazungumza, kijana akaadhibiwa, akaambiwa akisinzia tena atasimama mlangoni hadi kengele. Akaacha kusinzia. Wote tukaridhika. Tulichochelewa kujua ni kwamba alikuwa akiamka usiku wa manane kuwahi maji. Manda, anakoishi, haina maji matamu ya kutegemewa. Watu huishi kwa maji ya mvua na ya madumu yanayovushwa kwa boti. Kisiwa hiki kinalijua tatizo hilo tangu zamani: Takwa, mji wa mawe uliohamwa karne ya 17, wengi huhusisha kuhamwa kwake na visima kuingia chumvi, na watu wake wakavuka kwenda Shela. Kijana yule alibeba madumu kabla ya alfajiri, akaenda shule, akapigana na usingizi kwa nguvu zilizobaki, na muhula uliofuata akaacha masomo akaingia kwenye machimbo. Usingizi wake ulikuwa moshi mweusi. Madumu mawili pungufu, au mtu mwingine wa kuyabeba, yangetosha.

Nilimsimulia fundi habari hiyo tukiwa tunafungua hedi. Hakuitolea hotuba. Aliniuliza tu kama kijana bado anajua kusoma vizuri, nikamwambia ndiyo, akasema, "Basi huyo si wa kuuzwa kwa kilo."

Hedi ilipotoka aliniambia nitie mkono ndani ya silinda ya pili. Karibu na juu, mahali ambapo ringi ya kwanza hugeukia, ukucha wangu ulikwama kwenye ngazi ndogo. Chini ya ngazi hiyo ukuta ulikuwa umelika, ukang'aa kama kioo. Juu yake, ambapo ringi haifiki, chuma kilikuwa bado na kipimo chake cha kiwandani. Fundi akaitoa ringi, akaiingiza peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa pistoni ikae sawa, akapima mwanya wa ncha zake kwa vile vipande vyembamba vya chuma. Kwa silinda ya ukubwa ule, ringi mpya huacha mwanya wa kama milimita 0.2 hadi 0.4. Yetu ilipita 1. Silinda ya kwanza ilikuwa imelika kidogo tu, bado ndani ya kiasi kinachokubalika. Zote zilivuta vumbi lilelile, lakini bomba la hewa lilikuwa limepinda kuelekea ya pili, nayo ikapata fungu kubwa.

Kwa hiyo injini haikuwa imekwisha. Silinda moja ilikuwa imelika, nyingine ilikuwa na masizi na valvu zisizokaa vizuri. Bloku ilipelekwa Mombasa, kwa mashua hadi Mokowe kisha kwa basi, zaidi ya kilomita 300, ikatiwa slivu mpya. Fundi alibaki akisaga valvu kwa mkono, akizungusha kijiti kwenye viganja vyake mpaka duara la kijivu likatokea lote bila kukatika mahali. Nozeli zikasafishwa na kupimwa. Ringi mpya zikaingia kwa silinda zote mbili, gasketi mpya, tapeti zikapimwa. Gharama yote haikufika karibu na bei ya injini nyingine, ingawa mjomba alilazimika kukopa.

Ilipowashwa mjomba alitaka ipumzishwe, ingurume polepole gatini kwa siku kadhaa ili isichoke. Fundi akakataa katakata. Ringi mpya hukaa mahali pake kwa kusukumwa na nguvu ya moto dhidi ya ukuta wa silinda. Injini ikingurumishwa bila kazi, ukuta hupata ute wa oili ulioungua, ringi hazikai tena mahali pake, na moshi wa buluu hurudi katika injini mpya. "Ipe kazi ya kiasi," alisema. "Si ya kuiua, wala si ya kuidekeza." Tukaipakia nusu ya mawe, tukavuka, tukarudi, tukabadilisha mwendo njiani.

Kisha akatuambia jambo ambalo wenye vyombo vingi hawalijui mpaka liwakute. Dizeli iliyochakaa sana yaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe na kuichoma badala ya mafuta. Hapo hata ukifunga mafuta haizimi. Huongeza kasi peke yake mpaka ivunjike, na asiyejua hudhani imepata nguvu mpya. Dawa ni kuiziba hewa kwa kipande cha ubao, kamwe si kwa mkono. Nikawafikiria watu ninaowajua wanaofanya kazi mbili, tatu, bila kulala, na sisi tukiwasifu kwa mbio zao. Maweni wapo. Nairobi na Muscat nina ndugu wa namna hiyo, na tangu siku ile nikiwapigia simu siwaulizi kazi inaendaje. Nawaulizia usingizi, na chakula cha jana.

Filta mpya imefungwa mahali pengine, na bomba la hewa limenyanyuliwa juu, mbali na shehena. Mjomba amepunguza mawe kwa kila safari na kupandisha nauli kidogo. Mteja mmoja wa Shela alihamia chombo kingine. Wengine walinung'unika wakabaki. Kuna daftari sasa chini ya kiti cha nahodha linaloandikwa oili iliyoongezwa, saa za kazi, rangi ya moshi asubuhi na chombo kikiwa na mzigo, na jina la aliyeendesha. Kijana wa madumu ndiye anayeliandika, kwa malipo, siku ambazo hayupo machimboni, na mama yake ameanza kuulizia kama shule itampokea tena mwaka ujao.