Shuka Hapo, Dada

Miguu ilikuwa imechoka, basi nikakaa juu ya mawe yaliyoanguka kando ya ukuta. Mwongozaji akanijia mbio. "Shuka hapo, dada. Hata hayo yaliyoanguka yanalindwa."

Tulikuwa Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, Kenya. Kuta zile zilijengwa yapata karne ya 16, mawe matupu, bila udongo wala saruji, na kuna mahali zinapita mita 4. Ndani yake watu waliishi, wakafunga ng'ombe, wakalima. Tangu 2018 ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Alituonyesha ujenzi wake: mawe makubwa upande wa nje na wa ndani, katikati unajaza madogo. Nikacheka peke yangu. Ndivyo alivyofanya baba kwetu Goma. Mwaka 2002 Nyiragongo iliposhusha moto mpaka mjini, lava ilipopoa baba aliivunja kwa nyundo, akazungushia bustani yetu ya maharage na sombe. Saruji hakuweka, hela ilikuwa wapi? Mawe yale yanakata kama kioo. Jioni mama alimpaka mawese kwenye vidole.

Karatasi za kiwanja zilipotea tulipokimbia. Ukuta ule ndio unaoonyesha chetu kinaishia wapi.

Lakini kilichonishika pale Thimlich si umri wa mawe. Waliojenga waliondoka. Wakaja wengine, wa lugha nyingine, wakazikuta kuta, na zilipobomoka wakazitengeneza vilevile, jiwe juu ya jiwe. Hawakuzibeba. Nilisimama kwenye mlango, ule mfupi unaokulazimisha kuinama, nikazuia watu nyuma yangu.

Usiku nikampigia mdogo wangu aliyebaki nyumbani.

"Majiwe ingali?"

"Yaya, upande wa avoka bamebeba yote. Banajengea msingi."

"Nani?"

Akanyamaza. Nikaelewa kwamba ni jirani, na kwamba kesho wataamkiana tena.

Nikamwambia aanze kurudisha mstari mmoja tu, wa chini, kutoka kwenye avoka hadi chooni. Akauliza atatoa wapi mawe.

"Goma, unaniuliza mawe?"

Tukacheka wote wawili, mpaka salio likaisha.