Mtoto Anapoitwa "Dili"



Katika sura ya 37 ya Kitabu cha Mwanzo, Yosefu anauzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha. Wengi huwalaumu wafanyabiashara waliomnunua. Mimi humtazama zaidi Yuda, kwa maana ndiye aliyeanza kuzungumza habari ya faida, hali ndugu yao yu hai shimoni.

Huku kwetu, toka Shinyanga hata Geita, soko si jambo la kulaaniwa. Soko la madini lilipofunguliwa Geita Machi 2019, mchimbaji mdogo alipata mizani ya wazi mahali pa kupunjwa na walanguzi. Hilo nalisifu. Papa Yohane Paulo wa Pili naye, katika waraka Centesimus Annus wa mwaka 1991, alikiri manufaa ya soko, ila akaonya kwamba yapo mambo ambayo kwa asili yake si bidhaa.

Shida yetu huanzia chini ya duara. Mkulima wa pamba mvua ikikosa huiona mbingu, akajua sababu. Mchimbaji hufukua miezi mingi, mara nyingi bila mshahara, akingojea mgawo wa mifuko ya mawe. Kwake karasha haitoi kitu, na jirani hatua kumi tu kutoka hapo anatajirika. Kwa nini yeye? Swali hilo halina jibu, na palipo na swali la namna hiyo atatokea wa kuuza jibu.

Tangu mwaka 2007 jibu lililouzwa Kanda ya Ziwa, kwa wachimbaji na hata kwa wavuvi, likawa viungo vya ndugu zetu wenye ualbino. Wapo wasemao ni mila za kale. Sikubali. Hii ni biashara: ina mganga anayeagiza, mteja anayelipa, mtu wa panga, na mara nyingine jirani au jamaa anayeonyesha njia ya nyumba.

Serikali ilifuta leseni za waganga Januari 2009. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumwua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Watoto wengi wakapelekwa Buhangija, Shinyanga, wakalelewa mbali na mama zao. Hata hivyo, Februari 2015, wilayani Chato, mtoto wa mwaka mmoja aliporwa mikononi mwa mama yake, akauawa.

Lakini kabla ya panga lilikuja neno. Mitaani mtu mwenye ualbino alianza kuitwa "dili". Aliyelitamka huenda hakuwa na nia ya kuua. Alitania tu, watu wakacheka. Ndivyo bei inavyoingia katika jamii: mdomoni kwanza, kisha machoni, hata mama akasita kumtuma mwanawe dukani.

Wala sisi makleri tusijitoe. Mei 2024 mtoto wa kike mwenye ualbino aliporwa Muleba, mkoani Kagera, na mwezi uliofuata mwili wake ukapatikana. Kati ya waliofikishwa mahakamani walikuwamo baba yake mzazi na padre. Kuamua ni kazi ya mahakama, nami siigusi. Lakini kwamba jina la padre liliweza kutajwa mahali hapo, jambo hilo limeninyima usingizi.

Kwa maana wachimbaji huja kwangu pia. Huleta bahasha, wakaniomba nikanyunyizie duara maji ya baraka ili mwamba "ufunguke". Nikiipokea bahasha ile kwa ombi lile, sijui ningejieleza vipi kwamba sifanyi kazi ya mganga. Huwajibu kwamba nitashuka kuwaombea watu, na kamba zao, na matimba yasiwaangukie. Juu ya dhahabu sina neno. Baadhi hukubali. Wengine hurudisha bahasha mfukoni, wakaniaga kwa heshima, nami najua wanakoelekea.