Milimita Tano

Nilipomaliza masomo ya udaktari wa meno Muhimbili na kupangiwa hospitali moja chini ya Mlima Meru, katikati ya miaka ya 1990, kazi ya daktari wa meno machoni pa watu ilikuwa kung'oa. Mtu alivumilia jino miezi mizima, akaliwekea karafuu, akajifunga kitambaa shavuni, na usingizi ulipomkataa kabisa ndipo alipokuja. Fizi hazikuwa na msemaji. Hakuna aliyepanda daladala kuja kuniambia kwamba kile kijinyama chenye ncha kinachojaza nafasi kati ya jino na jino kimeanza kupungua. Hicho ndicho nilichokuja kukishughulikia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi.

UKIMWI ndio ulionilazimisha kukitazama. Walikuja vijana waliojiziba midomo kwa leso, hawawezi kula, hawawezi hata kuzungumza na mtu kwa karibu kwa sababu ya harufu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuja dada mmoja, fundi cherehani, akaomba mlango ufungwe kabla hajaiondoa leso. Nilipoinua mdomo wake wa juu niliona kila ncha ya ufizi kati ya meno ya mbele imekatika, mahali pake pana kishimo kilichofunikwa na utando wa kijivu. Pamba ilipogusa tu, damu ilichuruzika. Ugonjwa ule wa kuoza ufizi huanzia hasa kwenye ncha hizo, na huweza kuzila kwa siku chache mwili unapokuwa umedhoofika, iwe kwa VVU, kwa lishe duni au kwa mawazo mazito.

Tiba yake haihitaji mitambo mikubwa. Ganzi ya kupaka, pamba iliyochovywa kwenye peroksaidi iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu, kuondoa taratibu nyama iliyokufa na ukoga, vidonge vya Flagyl mara tatu kwa siku, dawa ya klorheksidini ya kusukutua. Baada ya siku mbili tatu maumivu hukoma, na mgonjwa aliyekuja amejikunja hurudi amesimama wima. Lakini vile vishimo hubaki.

Wengi wa wagonjwa wale sikuwaona tena. Dawa za kufubaza virusi hazikuwa za mtu wa kawaida wakati huo. Zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004, ndipo nilipoanza kukutana na sura nilizokuwa nimeziaga moyoni, na yule fundi akiwa mmoja wao. Alikuwa amenawiri, ana wateja, ana mtoto anasoma. Akaketi, akacheka mkono ukiwa mdomoni, kisha akaniambia: "Dokta, nimepona. Lakini mdomo wangu bado unawaambia watu kwamba niliumwa."

Kati ya meno yake ya juu palikuwa na vitundu vyeusi vya pembetatu, mate yakitokea humo anapotamka baadhi ya maneno, chakula kikinasa kila mlo. Wapo watakaosema huo ni urembo tu. Mimi sikubali. Kwetu mtu huzaliwa na mwanya akasifiwa nao mpaka kwenye nyimbo. Kitundu cha chini ya ufizi hakuna anayekisifia, na anayekibeba hujifunza kucheka amefumba mdomo. Hayo nayo ni maradhi, na yanastahili kutibiwa kwa uzito uleule wa jino linalouma.

Jibu nililompa lilitoka kwenye utafiti ambao Dennis Tarnow na wenzake wa Marekani waliuchapisha mwaka 1992. Walipima umbali kutoka pale meno mawili yanapogusana hadi kwenye kilele cha mfupa wa taya. Umbali ulipokuwa milimita 5 au pungufu, ufizi ulijaza nafasi karibu kila mara, 98 kwa 100. Ulipofika milimita 6, ulijaza 56 kwa 100. Kwenye milimita 7, 27 tu. Nilipousoma nilielewa kwa nini juhudi nyingi za kushona na kuvuta ufizi huishia patupu: nyama ile imekaa juu ya mfupa kama turubai juu ya nguzo, na nguzo zikifupishwa turubai hushuka. Isitoshe, ncha ile ni nyembamba na damu inayoifikia ni kidogo. Daktari wa upasuaji anaweza kukata nyama kwenye kaakaa na kuipachika pale. Nimewapa wagonjwa rufaa ya upasuaji huo, na wapo walionufaika, lakini si tiba ninayoweza kumwahidi mtu mbele ya familia yake.

Kwa yule dada nilipiga ganzi, nikashusha kipimio chenye alama za milimita hadi kikagusa mfupa. Saba. Mfupa sikuweza kumrudishia. Niliweza kusogeza mahali meno yanapogusana, karibu zaidi na ufizi, kwa kuongeza kompoziti, ule ujazo wenye rangi ya jino unaogandishwa kwa taa ya bluu, pande zote mbili za kila kitundu.

Kazi hiyo ina ugumu wake huku kwetu. Chemchemi nyingi za Meru na Kilimanjaro zina floraidi nyingi, na waliokulia kwenye maji hayo wana meno ya kahawia ambayo tabaka lake la juu halishiki gundi kirahisi. Jino la kawaida hupakwa asidi kwa sekunde 15 hadi 30. Haya nilikuwa nayakwangua juujuu kwanza, kisha naiacha asidi ikae zaidi. Halafu unaingiza ukanda mwembamba unaopitisha mwanga, unaupenyeza kidogo chini ya ufizi, unajaza kompoziti kwa mkunjo laini, unawasha taa, unang'arisha. Ukiacha ukingo hata wa unene wa unywele, ukoga utajikusanya hapo na utakuwa umemletea mgonjwa ugonjwa uleule aliokuja nao. Kila nilipomaliza nilipitisha kijiswaki cha kati ya meno. Kisipopita bila kukwama, nilianza upya.

Baada ya miezi kadhaa ufizi wake ulikuwa umejongea na kujaza sehemu iliyobaki, si yote. Aliondoka akijua hivyo, kwa sababu nilimwambia kabla ya kushika kifaa chochote.

Si kila mwenye vitundu ana historia kama yake. Wengi wamepoteza mfupa polepole kwa ugonjwa wa fizi wa kawaida, hasa wenye kisukari na wavuta sigara. Hao wakisafishwa ukoga mgumu, uvimbe hunywea na vitundu hujitokeza, nao hulalamika: "Mmenitoboa meno!" Mama mmoja mtu mzima aliniambia mbele ya foleni nzima, "Mwanangu, nilikuja na meno yaliyobanana, umeniachia madirisha." Nilimwamkia shikamoo ya pili, nikampa kioo na eksirei yake, nikamwonyesha kwamba mfupa uliondoka kabla yangu na kwamba alichokuwa nacho ni uvimbe. Siku hizi naeleza hayo kabla ya kusafisha, na ninawasihi madaktari vijana wafanye hivyo.

Kuna kliniki za mjini sasa zinazochoma sindano ya asidi ya hayaluroniki kwenye ncha hizo. Kwa vitundu vidogo, mfupa ukiwa upo, husaidia kiasi, na mara nyingi lazima irudiwe. Kuiuza kama dawa ya kila kitundu, kwa bei ya mshahara wa mwezi, ni dhuluma, na nimekutana na waliodhulumiwa.

Wewe unayesoma haya, ukiona damu kwenye mate asubuhi, usiache kupiga mswaki mahali panapotoka damu, wala usipachokonoe kwa njiti ya kiberiti. Nenda ukapimwe. Mwombe daktari atumie kipimio, si kioo peke yake, na kama una kisukari mwambie mapema. Mfupa ukiwa bado upo, ufizi huo unaweza kuokolewa kwa kusafishwa tu, na gharama yake ni ndogo kuliko yote niliyoyataja.