Nikiolewa, Dogo Atapandaje Basi?

Wachumba wengi hugombana kwa sababu ya pesa, ndugu au simu zinazolia usiku. Mimi na wangu tuligombana kwa sababu ya basi. Usicheke, msomaji wangu.

Mdogo wangu wa mwisho ana ulemavu wa akili. Mwaka 2023 alikuwa na miaka 24, mtanashati, mcheshi, mpira haumpiti, na ana kazi yake: kufungasha mizigo dukani kwa mjomba, Kariakoo. Kusoma anasoma kwa shida, na hesabu ya chenji ndiyo usiseme. Nyumbani ni Kimara. Basi kila asubuhi nampeleka, jioni namfuata. Miaka mitatu! Mchumba akinialika chakula cha jioni, jibu ni moja: "Nina dogo." Alipopata uhamisho wa Mwanza na kutaka tufunge ndoa, nikaanza kupiga chenga. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Ukifika miaka hamsini bado utakuwa unampandisha basi?" Nilinuna wiki nzima, maana sikuwa na jibu.

Tukisema usafiri kwa wenye ulemavu, wengi wetu tunafikiria kiti cha magurudumu. Mwendokasi ulipoanza Mei 2016, tulisifia vituo vyenye sakafu iliyolingana na mlango wa basi, na ni jambo jema kweli. Ila miguu ya dogo haina tatizo. Kwake mtihani ni kwamba basi la Kivukoni na la Gerezani yote yanatoka Kimara, yanafanana kama mapacha, na kinachoyatofautisha ni maandishi tu. Mbele ya safari kila moja linashika njia yake. Asiyesoma haraka atajuaje?

Cha ajabu, daladala na fujo zake zote lina jibu. Ubavuni lina mstari wa rangi ya ruti yake, na konda anataja vituo kwa sauti: "Magomeni wapo?" Huhitaji kujua hata herufi moja. Shida ya daladala ni sisi watu. Konda mmoja alimtukana dogo, jina ambalo siliandiki hapa, kisa amechelewa kidogo kutoa nauli. Abiria wakacheka. Dogo naye akacheka, akidhani ni utani. Hicho ndicho kilichoniuma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010, lakini konda hajafundishwa kusubiri sekunde tano.

Nikaamua dogo atajifunza kwenda mwenyewe. Mama alikataa katakata. "Akigongwa je? Akiibiwa je?" Nikamwambia, "Mama, nipe miezi minne tu."

Safari tuliikata vipande vipande. Wiki ya kwanza hatukupanda basi kabisa, tulitembea tu hadi kituoni tukishika alama: duka la njano, mama wa vitumbua, mwembe. Nilichapisha neno GEREZANI kwa herufi kubwa akaliweka mfukoni, basi likija anatoa karatasi na kulinganisha. Nauli kamili ilikaa kwenye vimfuko, siku moja kimfuko kimoja. Mwanzoni nilikaa naye kiti kimoja. Baadaye nikahamia kiti cha nyuma, kisha nikawa nasimama mlango wa mwisho. Mwezi wa nne nikawa napanda basi linalofuata, roho juu. Na kanuni ya kupotea ilikuwa moja: ukiona pageni, shuka, kaa kituoni, bonyeza namba moja kwenye simu.

Kwa Dar, mwalimu wa mwisho ni Jangwani. Mvua ikizidi pale panafurika na barabara inafungwa. Asubuhi moja ya mvua abiria wakaambiwa washuke Magomeni. Kila mtu akakimbilia bodaboda. Mimi niko kazini, simu ikalia: "Dada, basi limekataa. Nimekaa." Nilipofika nilimkuta amekaa na mama mmoja muuza ndizi, wanabishana kuhusu Simba na Yanga. Nililia pale pale, watu wananitazama.

Shoga yangu aliyeko Uingereza aliniambia kuhusu utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, ulioanzia uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka huo huo wa 2016. Ukiuvaa, mhudumu anajua una ulemavu usioonekana. Wazo zuri, lakini kwa Kariakoo simvalishi mdogo wangu. Ni kuwaitia vibaka. Mimi ningependa ile akili ya daladala ihamie kwenye basi kubwa: la Gerezani liwe na rangi yake, la Kivukoni yake, na mtu ataje kituo kwa sauti. Rangi haimtangazi mtu. Itamfaa na bibi aliyesahau miwani, na mgeni aliyeshuka leo kutoka Songea.

Ndoa tulifunga mwaka 2024, nikahamia Mwanza. Wiki ya kwanza nilipiga simu nyumbani kila asubuhi, hadi dogo akachoka kupokea. Mama ndiye aliyenipa habari Jumamosi moja: walikuwa wamekwenda Kariakoo kununua kitenge, na dogo ndiye aliyempeleka. Alimkalisha dirishani, akamwambia asiwe na wasiwasi, kituo bado.