Mashine Iliyokataa Kukamua

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zimenizidi. Leo sina habari za programu, nina habari za mashine ya kufulia.

Jumamosi nilifika kwa mama Nakuru nikamkuta ameinama kwenye karai anakamua shuka. Vidole vyake vina baridi yabisi, ndiyo maana nilimnunulia mashine ile ya mtumba. "Imekataa kukamua," akasema. Tangu lini? Wiki tatu! Fundi alikuwa ameshapita, akasema mota imekufa, shilingi 9,000. Mama hakuniambia. Aliogopa nitaona nilitupa pesa.

Iliniuma. Haya, tuendelee.

Mota iliyokufa haifui. Hii ilikuwa inafua vizuri, pampu inamwaga maji, inaendelea kunguruma hata yakiisha, kisha kimya. Nikapunguza nguo, maana mzigo ukiegemea upande mmoja mashine hujizuia. Bado. Nikachomoa plagi (usisahau hili tafadhali), nikafungua chujio la pampu kule chini mbele: kibanio cha nywele na sarafu ya shilingi 10. Nikajipongeza mapema mno. Bado!

Waandishi wa programu mtanielewa. Mashine haioni maji. Kuna mpira mwembamba unaotoka chini ya tangi hadi kwenye swichi ya presha kule juu. Maji yakipanda yanasukuma hewa ndani ya mpira, swichi inajua yamo. Yakiisha, swichi inarudi, ndipo ruhusa ya kukamua inatoka. Sasa mpira ukiziba, hewa inakwama humo, na mashine inaamini imejaa ilhali ni tupu. Ni kama programu inayosoma data ya jana. Pampu haikuwa na wazimu, ilikuwa inamwaga maji ambayo hayapo.

Nikachomoa plagi tena, nikafungua kifuniko cha juu kwa bisibisi, nikavuta mpira kutoka kwenye swichi. Tak! Swichi ikarudi. Upande wa chini kulikuwa na uji mzito wa sabuni, nikausafisha kwa maji ya moto. (Mama hupima sabuni ya unga kama anafulia karai.)

Ilipoanza kuzunguka, aliweka kiganja juu yake akatulia hivyo mpaka ikasimama. Nikamwomba kitu kikiharibika anipigie siku hiyo hiyo.

"Basi mwanangu," akasema, "njoo uangalie na friji."